Aliyejiona Yuko Darini



 Wiki hii tulikuwa tumeahidi kuendelea na maongezi ya malezi, lakini jambo limetukuta safarini Nairobi nasi tumeona si vyema kuliweka kiporo. Twaamini kwamba katika nyumba zetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, wako waliopatwa nalo wakalinyamazia.

Tuliswali Adhuhuri katika Msikiti wa Jamia, pale katikati ya jiji, kisha tukatembea hadi Kencom na kupanda matatu ya Kawangware, kwenda kumjulia hali mwenzetu wa Mombasa aliyeolewa huko miaka mingi. Tulimkuta macho yamemwiva kwa kilio. Binti yake wa miaka 19, anayesoma chuo kimoja mjini, alikuwa amejifungia chumbani siku ya tatu, hali chochote isipokuwa chai, wala hasemi na mtu.

Kisa chenyewe ni hiki. Asubuhi moja binti aliamka kwa swala ya Alfajiri, akaswali, akarudi kitandani kwa kuwa usiku alikuwa amekesha akijiandaa kwa mtihani. Akalala chali. Haukupita muda akahisi mwili mzito kama uliofungwa kamba, hawezi kuinua hata kidole, na masikio yanavuma. Kisha ule uzito ukamwachia, akawa mwepesi kama unyoya, akaanza kupanda. Mara akajiona yuko darini. Chini yake akauona mwili wake mwenyewe umelala kitandani, leso imemfunika hadi kifuani, mguu mmoja uko nje. Hakuwa na maumivu, wala mwanzoni hakuwa na hofu. Hofu ilimjia alipowaza kwamba basi amekufa. Papo hapo akajikuta kitandani, anahema, jasho linamtiririka.

Alimweleza mama yake. Mama naye, katika kutafuta msaada, akamweleza khaloo; khaloo akapiga simu Mombasa; ilipofika Ijumaa ukoo mzima ulikuwa unajua. Huyu asema binti amepandwa na ruhani. Yule asema roho imekwisha kutoka mara moja, haitakawia kutoka tena. Wa tatu amjua mganga hodari, ila ataka mbuzi mweusi na pesa za kufungulia mkoba. Na kwa kuwa binti ameposwa, upande wa pili ulianza kuuliza maswali ya kuzunguka zunguka. Binti alipoyasikia hayo akafunga mdomo. Tulipoingia chumbani mwake alitwambia neno moja tu: "Najuta kusema."

Neno hilo ndilo lililotutia kalamu mkononi.

Tulikaa naye. Hatukumpa hukumu wala dawa. Tulimwomba atusimulie tangu mwanzo, naye polepole akasimulia. Katika kueleza alivyokiona chumba kutoka juu, alitaja kabati, kiti, viatu vyake mlangoni na pazia la kijani dirishani. Mama yake, aliyeketi kando, akainua kichwa. Pazia la kijani lilikuwa limeondolewa majuma mawili kabla. Lililopo sasa ni jekundu. Binti mwenyewe akalitazama dirisha, akatutazama sisi. Alichokiona siku ile kilikuwa chumba kama anavyokikumbuka, na chumba kama kilivyokuwa asubuhi ile kilikuwa na pazia jingine.

Hapo pana mlango wa kulifahamu jambo hili.

Tumezoea kuhesabu milango mitano ya fahamu: jicho, sikio, pua, ulimi na ngozi. Lakini Mola ametupa na mingine tusiyoitaja. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kidogo kinachoupa ubongo habari za kusimama, kuinama, kupanda na kushuka. Ndani ya misuli na maungio ya mifupa mna neva zinazoujulisha mkono uko wapi na goti limekunjika kiasi gani. Ndiyo sababu mtu aweza kuamka usiku wa giza, akapeleka mkono puani bila kukosea. Habari hizi zote hufika kwenye ubongo kwa pamoja, nao huziunganisha na kutoa jibu moja: mimi niko hapa, ndani ya mwili huu, natazama kutoka kwenye macho haya.

Jibu hilo huja upesi na bila juhudi hata tukadhani halitengenezwi. Kumbe latengenezwa kila wakati, na mara nyingine latengenezwa kwa makosa. Mtoto akijizungusha uani kisha akasimama ghafla, ardhi huendelea kumzunguka. Aliyeshinda siku nzima baharini katika jahazi, akilala usiku nchi kavu, huhisi kitanda chapanda na kushuka kwa mawimbi. Nasi pale Kencom, tukiwa tumeketi ndani ya matatu iliyosimama, gari la jirani liliposogea nyuma tulishika kiti kwa kudhani letu ndilo limeondoka. Jicho lilisema twaenda, sikio la ndani likasema tumesimama, na kwa sekunde moja ubongo uliliamini jicho.

Wataalamu wameyachunguza makosa haya kwa majaribio. Mwaka 1998 Botvinick na Cohen waliwaketisha watu mezani, wakauficha mkono wao halisi nyuma ya kizuizi, na mbele yao wakaweka mkono wa mpira. Wakaipapasa mikono yote miwili kwa brashi kwa wakati mmoja. Baada ya muda mfupi watu walihisi ule mkono wa mpira ndio wao. Jicho liliona brashi, ngozi ikahisi brashi, na ubongo ukakata shauri kwamba mkono unaoonekana ndio unaohisi.

Mwaka 2002 daktari Olaf Blanke na wenzake mjini Geneva, Uswisi, walikuwa wakimtibu mwanamke mwenye kifafa. Ili kujua ugonjwa unaanzia wapi, walimwekea vipande vidogo vya kupitishia umeme juu ya ubongo wake, naye yu macho, anazungumza nao. Umeme mdogo ulipoguswa mahali fulani upande wa kulia, juu na nyuma ya sikio, alisema anahisi kama anazama kitandani au anaanguka kutoka juu. Ulipoongezwa, alisema anajiona mwenyewe amelala kitandani, naye anatazama kutoka juu. Ila aliona miguu na sehemu ya chini ya kiwiliwili tu. Alihisi anaelea kiasi cha mita 2 juu ya kitanda, karibu na dari. Umeme ulipozimwa, alirudi. Uliporudiwa, akapanda tena. Mahali hapo ni karibu na panapokutana habari za macho, za ngozi na za mizani ya sikio la ndani. Zikivurugika hapo, ubongo hukosa kujua mwenyewe yuko wapi, ukamweka mahali pengine.

Mwaka 2007 mtafiti Henrik Ehrsson, aliyekuwa London, alipata jambo la namna hiyo kwa watu wazima wa afya bila kuugusa ubongo wao. Aliwavisha miwani yenye skrini, na nyuma yao akaweka kamera mbili, hata wakawa wanautazama mgongo wao wenyewe. Kisha akawa anawagusa kifuani kwa fimbo wasiyoiona, na wakati uo huo fimbo nyingine inapita chini ya kamera. Watu walihisi wameketi kule nyuma ziliko kamera, wakiutazama mwili wa mbele kama wa mtu mwingine. Alipotikisa nyundo mbele ya kamera, ngozi zao zilitoa jasho la hofu, ingawa hakuna aliyeguswa.

Sasa turudi kwa binti yetu. Usingizi una hatua ambayo ndani yake ndoto huwa nyingi, na katika hatua hiyo misuli ya mwili hulegezwa, ili mtu akiota anakimbia asiinuke akakimbia kweli. Ikitokea mtu kuzinduka kabla misuli haijafunguliwa, hujikuta macho lakini hawezi kusogea, na ndoto bado yaendelea mbele ya macho yake. Wazee wetu walikuita huku kukabwa na jinamizi. Wengine huhisi mtu amewakalia kifuani. Wengine huhisi wanaelea na kutoka nje ya miili yao, kwa kuwa ubongo hauna habari kamili za misuli wala za mizani, ukajaza pengo kwa kumbukumbu. Aliyekosa usingizi wa usiku, akaamka, kisha akalala tena chali, amejiweka karibu zaidi na jambo hili. Tukumbuke usiku wa Ramadhani na usingizi wake wa vipande vipande, na tuwakumbuke vijana wetu wanaokesha kwa miraa na muguka.

Si jinamizi peke yake. Kujiona nje ya mwili huweza kumpata mwenye kifafa, mwenye kipandauso, aliyezimia au mwenye homa kali. Huweza kumpata aliyepewa ketamini, dawa ya usingizi inayotumika sana katika hospitali za Afrika Mashariki. Mama akitoka upasuaji akasema alijiona kutoka juu, asidhaniwe amerukwa na akili. Wala jambo lenyewe si adimu. Tafiti za nchi mbalimbali zakadiria kwamba kati ya watu 5 na 10 katika kila 100 limewapata angalau mara moja maishani.

Na kuna sababu nyingine, ambayo Nairobi inaijua kuliko miji mingi: hofu kuu. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue, watu 213 waliuawa hapa Nairobi, na maelfu wakajeruhiwa. Tarehe 21 Septemba 2013 yakatokea ya Westgate, kule Westlands, wakafa watu 67. Tarehe 15 Januari 2019 ikawa zamu ya hoteli ya Dusit, Riverside, wakafa 21. Madaktari wa akili duniani kote wanafahamu kwamba mtu akiwa katikati ya balaa kama hizo huweza kujihisi ametengana na mwili wake, akayatazama yanayomfika kama anayetazama filamu ya mtu mwingine. Ni kama ubongo umemvuta pembeni ili asizidiwe. Kwa wengi hali hiyo huondoka; kwa wengine hurudi miezi na miaka baadaye, sauti ya mlango uliobamizwa ikitosha kuiamsha.

Baada ya bomu la 1998, daktari Frank Njenga na wenzake waliwahoji watu 2,883 kati ya mwezi mmoja na mitatu tangu siku ile. Waliokuwa na dalili za maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko mkubwa walikuwa asilimia 35. Wanawake waliathirika zaidi ya wanaume. Na miongoni mwa mambo yaliyoandamana na kuathirika zaidi, pamoja na kujeruhiwa na kufiwa, lilikuwamo hili: kutokuwa na rafiki waliyemweleza yaliyowapata.

Dada zetu, hebu tulitie hilo katika mizani. Aliyepatwa na la kutisha akikosa pa kusemea, mzigo huzidi. Sasa vipi yule aliyesema, kisha tukamfanya ajute kusema?

Tena kutafsiri vibaya kwaweza kuleta maafa makubwa kuliko majuto. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilikumbwa na hofu ya Popobawa. Watu walieleza kuamka usiku wamekandamizwa, hawawezi kusogea wala kupiga kelele. Familia nzima nzima zikalala nje pamoja, zikiota moto. Baadhi ya watafiti waliolichunguza jambo lile waliona ndani yake dalili za jinamizi tulilolieleza. Katika hofu hiyo mtu mmoja mgonjwa wa akili alishukiwa kuwa ndiye Popobawa, akapigwa na umati hadi akafa. Mgonjwa aliyehitaji kutibiwa aliuawa na watu wazima wenye akili zao, waliokosa tu wa kuwaeleza kinachowapata usingizini.

Je, kuyasema haya ni kukana roho? Hasha. Elimu ya roho twamwachia aliyeiumba, na hatukudai kwamba waya za umeme za Geneva zimeifikia. Lakini anayeeleza jinsi jicho linavyoona hajamkana aliyeliumba jicho, na anayeeleza jinsi ubongo unavyokosea mahali pa mwili hajasema kwamba mtu ni ubongo mtupu. Tunachokataa ni haraka ya kusema kwamba kila aliyejiona darini roho yake imesafiri, au amekaliwa na shetani. Kisomo ni rehema, na dua za kulalia ni ngao. Hakuna anayekukataza kumsomea mwanao. Ila kisomo hakijapata kumzuia mgonjwa kwenda hospitali, na Mtume wetu (SAW) alituhimiza kutafuta matibabu.

Basi ikitokea nyumbani kwako, tufanyeje?

Kwanza, msikilize mpaka amalize. Muulize ilikuwa saa ngapi, alikuwa amelala au amesimama, alikuwa amelala usingizi wa kutosha, anatumia dawa gani, ana homa, amepatwa na la kutisha siku za karibuni. Majibu hayo yatamsaidia daktari kuliko dhana za mtaa mzima.

Pili, mwambie kwamba si peke yake, si mwenda wazimu, wala hajafa. Maneno haya mepesi huondoa nusu ya hofu.

Tatu, fuatilia dalili za hatari. Ikiwa jambo linarudi mchana akiwa macho. Ikiwa anakodoa macho na kutoitika kwa muda. Ikiwa ananusa harufu isiyokuwapo. Ikiwa anatikisika viungo, anajiuma ulimi, anajikojolea au anaanguka. Ikiwa ana homa au maumivu makali ya kichwa. Au ikiwa anataka kujidhuru, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kifafa ni maradhi na kina dawa. Kule Kilifi, watafiti wa KEMRI na wenzao wamefanya kazi ya miaka mingi juu yake, na hapa Nairobi kipo chama cha KAWE kinachowahudumia wenye kifafa. Aliyekwisha kupewa vidonge asiviache kwa amri ya mganga wala kwa wiki mbili za nafuu. Kuviacha ghafla kwaweza kuleta kifafa kisichokatika.

Nne, kama ni jambo la usingizini tu, na limetokea mara moja mbili, tengeneza usingizi. Alale mapema kila alipo na nafasi, alale ubavu badala ya chali, apunguze chai nzito na kahawa usiku, aache vya kumkesha. Likimkuta tena asipambane. Ajaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu, avute pumzi polepole, amtaje Mola wake kimoyomoyo. Litapita.

Tano, na hili twalikazia, msitiri. Siri ya mtoto ni amana. Simu moja yenye nia njema imetosha kuifanya asubuhi moja ya binti huyu kuwa mazungumzo ya miji miwili. Ukihitaji ushauri, mtafute mtu mmoja unayemwamini, kisha umtafute daktari.

Tuliondoka Kawangware kabla ya Magharibi. Binti alikuwa ametoka chumbani, ameketi jikoni, anachambua mchicha na mdogo wake. Siku chache baadaye mama alitupigia simu. Walikuwa wamekwenda hospitali. Daktari alimsikiliza kwa utulivu, akamwandikia kipimo cha umeme wa ubongo kwa tahadhari tu, na kwa sasa amemwamrisha alale usiku. Kipimo bado wakingoja.

Tulimuuliza habari ya posa. Akasema aliona yakipita midomoni mwa watu yatazidi kuharibika, basi alimpigia simu mama wa kijana mwenyewe, akamsimulia yote kama binti alivyosimulia, bila kuongeza wala kupunguza. Yule mama alikaa kimya hata akadhani simu imekatika. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba naye, akiwa msichana kwao Lamu, alipata kujiona amelala, naye yuko juu karibu na boriti. Alikuwa hajapata kumwambia mtu, miaka 30 na ushei.

Tukutane wiki ijayo inshaallah, turudi kwenye maongezi yetu ya malezi. Wabillahi tawfiq.